Kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo: gari yako au daladala?

Hii nnaandikia watu wa shamba hapa Unguja, yaani wa nje ya mji, wa Nungwi, Matemwe, Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi huko, wenye gari nyumbani au wenye ami wa kumuazima, ambao kila ikitokea safari ya mjini lazima mjadala uzuke tangu asubuhi, huyu anasema tuchukue gari tujitawale, huyu anasema ya nini kuchoma mafuta na daladala inapita hapo mlangoni. Mie msimamo wangu nautoa mapema: kwenda mjini daladala inashinda, kurudi shamba gari inashinda. Shida ya gari iko mjini, shida ya daladala iko kwenye kurudi. Kwahiyo kabla hujauliza ipi nafuu jiulize unarudi saa ngapi, na unarudi na mzigo gani.

Tuanze na pesa maana hapo ndo watu wanapodanganyana. Mwenye gari akipiga hesabu anahesabu mafuta aliyotia leo tu, na mara nyengine hata hayo hayahesabu kwa sababu tangi lilikuwa na kitu tangu juzi. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni kiasi cha kilomita 60, Makunduchi inakaribia hapo hapo au inazidi kidogo, Paje ni kama 50, Chwaka ndo karibu, thalathini na kitu. Chukua hiyo ya Nungwi, kwenda na kurudi 120, gari ndogo inayokwenda kilomita 12 kwa lita inakula lita 10, na hapo hujazunguka mjini kutafuta pa kuiweka wala hujakaa kwenye foleni injini inaunguruma na eyasii imewashwa. Bei ya lita ZURA, wale wadhibiti wa maji na nishati, wanaitangaza kila mwezi, zidisha mwenyewe kwa 10 halafu gawa kwa nauli ya njia yako, utaona hizo ni nauli za watu kadhaa kwenda na kurudi. Mtu mmoja kwenye gari peke yake, kwa pesa tu, hana hoja. Wawili pia hawana. Mkiwa familia ya watu watano sita wote wa kulipa nauli ndo hesabu inaanza kusogeleana, na watoto wa kupakatwa usiwatie humo maana kwenye daladala mara nyingi hawalipi.

Halafu kuna vijisenti ambavyo havimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Paking, soda ya kijana aliyekuonyesha nafasi na kusimama hapo kama vile nafasi ni yake, tairi, oili. Na gari ya kuazima ina deni lake jengine, huwezi kuirudisha sindano ya mafuta iko chini kuliko ulivoikuta, na kesho ami akiwa na mzigo wake wa mbao utapigiwa simu wewe.

Muda sasa. Hapa mwenye gari anajisifu na ana haki, lakini nusu. Daladala ya Nungwi namba 116, au ya Jambiani 309, Makunduchi 310, Kizimkazi 326, haziondoki mpaka utingo aridhike, na utingo haridhiki mpaka wale waliokaa waanze kulalamika, na njiani inasimama kila penye mtu kanyanyua mkono, hapa anashuka bibi na kapu lake, pale anapanda mwanafunzi wa skuli, mbele kuna mtu wa kupakia magunia ya mwani. Safari ambayo kwa gari yako ni saa moja au saa moja na robo, kwa daladala weka saa mbili, na usikasirike ikizidi. Sasa mwenye gari anafika Kwerekwe kapata dakika zake arubaini za faida, anaanza kuzirudisha moja moja. Kwerekwe hapo sokoni watu wanavuka popote, Amani foleni, ukija kwa njia ya Bububu basi ni Mtoni mpaka Kinazini, umebana nyuma ya daladala ile ile uliyoipita kule Mahonda. Mle ndani abiria wamesinzia. Wewe mguu uko kwenye klachi.

(Zamani mtu wa Bububu alikuwa na chaguo la tatu, treni. Reli ilifunguliwa 1905, kutoka pale Ngome Kongwe mpaka Bububu, kama maili 7, inapita katikati ya mitaa karibu na milango ya watu. Wakaifunga kwa abiria katika miaka ya ishirini hiyo barabara na magari yaliposhika nafasi. Kila nikikaa foleni ya Mtoni naikumbuka, na mie wala sikuwahi kuiona.)

Paking ndo kesi yenyewe. Mtu ambae hajawahi kuingia Mji Mkongwe na gari anadhani atafika mpaka mlango wa duka. Mji ule umejengwa kwa watu na punda na mikokoteni, vichochoro vyengine ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba huku na huku, na tangu 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO kwahiyo usitegemee mtu abomoe nyumba upate pa kuegesha. Gari inaishia pembeni, Darajani, Malindi, Forodhani, Shangani, Mnazi Mmoja, basi. Kutoka hapo unatembea sawa sawa na yule aliyeshuka kwenye daladala, tofauti yenu yeye kashuka na yuko sokoni tayari na wewe unazunguka mara ya tatu unamuomba Mungu mwenye Noah atoke. Asubuhi kabla ya saa 3 unapata, hilo nakubali. Ukija saa 4 na nusu siku ya kazi Darajani, hasa mwisho wa mwezi, utaichukia gari yako. Na usiiweke popote tu ukasema narudi sasa hivi, kwa sababu ukimziba mtu utaitwa kwenye spika ya mskiti au utakuta karatasi ya faini, na vyote viwili vinakatiza shughuli zako.

Ijumaa ni habari yake peke yake. Kuanzia saa 6 mchana kila ukuta wenye mskiti karibu una gari mbili tatu zimepandana, na mpaka watu watoke kwenye sala wewe uliyezibwa huna pa kwenda. Kama safari yako ni Ijumaa na ni ya ofisini, ofisi zenyewe zinafunga mapema, kwahiyo nenda kwa daladala ya alfajiri, maliza, sali, rudi. Au ahirisha mpaka Jumatatu.

Daladala mjini inakupa kitu ambacho gari haikupi, nacho ni kutokuwa na kitu cha kurudia. Ukiwa na gari siku nzima uko kwenye kamba, umeiwacha Malindi na sasa uko Michenzani, shughuli ya tatu iko Kilimani, je urudi kuichukua au uiwache upande daladala ya mjini na mwisho urudi Malindi kuifata? Asiyekuwa nayo anashuka huku anapandia kule, kaishiwa na shughuli yake Amani basi anadandia gari ya shamba hapo hapo inapopita. Ila angalizo, gari ikifika Amani au Kwerekwe kutoka stendi mara nyingi imeshajaa, utasimama umeinama mpaka Tunguu. Mwenye mgongo mbovu asidandie njiani, arudi akapandie stendi, na aulize kwanza maana ruti si zote zinaanzia pahala pamoja, nyengine Darajani, nyengine Kijangwani, na mambo ya stendi mjini yanabadilika badilika.

Mizigo. Hapa watu wengi wanahukumu kwa haraka kwamba mzigo ni gari, na si kweli moja kwa moja. Zile daladala za mbao zenye viti vya pembeni na ubavu wazi zinabeba vitu ambavyo gari yako ndogo haviingii hata ukikunja viti, godoro, baskeli, polo la mchele la kilo 50, tenga la kuku, mbao, vyote vinakwenda juu na utingo anavifunga kamba kwa ustadi ambao mie siuwezi. Unalipia kidogo mzigo, mnapatana kabla ya kupandisha sio baada. Daladala ndogo za hiace ndo taabu, polo lako litakaa miguuni mwa watu na utasikia maneno. Kwahiyo kitu kikubwa kigumu kisichovunjika, mpe utingo. Kitu cha kuvunjika, tivii, vioo, mayai ya biashara, keki ya harusi, hicho ni gari yako na mtu wa kukishika mapajani. Na nyama au samaki wa kupeleka shamba mchana wa jua, gari pia, maana daladala ikikaa nusu saa inasubiri kujaa kitoweo kitakwambia chenyewe.

Sasa kurudi, na hapa ndo nnageuka. Gari za shamba za masafa haziendi usiku kama zile za mjini. Bububu 502 au Uwanja wa Ndege 505 utazikuta mpaka usiku umeingia, lakini za Nungwi na Makunduchi na Kizimkazi ukichelewa kufika stendi mpaka Magharibi umo kwenye bahati nasibu, na ile ya mwisho inajazwa mpaka mlango haufungi kwa sababu kila mtu anajua ndo ya mwisho. Maana yake nini? Maana yake siku yako ya mjini kwa daladala inakwisha Alasiri. Forodhani jioni, wale wauza mishkaki na juisi ya miwa ndo kwanza wanawasha majiko jua linapozama, wewe uko Tunguu unaangalia mashamba ya watu. Ukitaka kukaa mpaka Isha, au kuna harusi, au ni Februari na mnataka kumsikiliza mtu Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, basi gari, wala usijadili. La sivyo una watu wa kulala kwao Jang'ombe au Magomeni, na hapo pia ni rahisi zaidi kuliko hoteli, lakini mpige simu mapema usiibuke na watoto watatu saa 4 za usiku ukasema gari zimekatika.

Taxi ya usiku mpaka Nungwi sitaji bei, itakuharibia hamu ya urojo ulokula.

Lakini kuendesha usiku nako kusifanywe mchezo. Barabara zetu nyingi zimekuwa nzuri, lami mpya, na hilo ndo tatizo, watu wanakanyaga. Mbele yako ghafla gari ya ng'ombe haina taa wala kiakisi, baskeli ina mtu na mkewe na kuni, wanawake wa buibui jeusi wanatoka harusini wanatembea pembeni. Ukienda njia ya kusini, pale Jozani kuna matuta yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa hapa, wanaovuka, yaheshimu hata kama kima wameshalala, kwa sababu tuta halilali. Na dereva ni mtu, kaamka alfajiri, kazunguka mjini siku nzima, kala biriani, sasa ni saa 4 usiku na wote nyuma wamelala. Kwenye daladala ya jioni angalau anaechoka ni mtu ambae ndo kazi yake, na wewe unasinzia umeegemea polo la mtu.

Njiani kuna trafiki, mnajua. Gari ya kuazima hakikisha karatasi zimo ndani, bima haijakwisha, lesini unayo mfukoni sio picha kwenye simu, mikanda mmefunga. Kama una mgeni kutoka nje anataka kuendesha yeye, awe na lesini ya kimataifa au kibali cha hapa, asitegemee uso mzuri. Daladala nayo inasimamishwa, lakini hiyo ni shughuli ya dereva na utingo, wewe unakaa tu unasikiliza.

Sasa kuna safari ambazo hazihitaji hesabu yoyote. Mgonjwa au mzee wa kumpeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, gari. Kama huna, azima, kodi, changisheni. Kumpandisha mtu mwenye miaka sabini na goti linamuuma kwenye gari ya mbao ambayo kuingia tu lazima uiname kama unachuma karafuu za chini, si sawa, hata kama mwenyewe anakwambia "mwanangu mie nishazoea". Kazoea kwa kukosa. Mshushe getini, halafu wewe uende ukahangaike na paking peke yako.

Boti ya asubuhi kwenda Dar ni nusu kwa nusu. Kama mtu mmoja na begi moja, na shamba lako lina daladala ya alfajiri unayoijua, nenda nayo, utashuka utembee kidogo mpaka Malindi. Kama ni mabegi na watoto na boti yenyewe ni ile ya saa 1 asubuhi, gari ya kushusha na kuondoka. Kuiwacha gari yako bandarini siku mbili ukisubiri kurudi, hiyo siishauri.

Sikukuu ndo kinyume na watu wanavodhani. Siku za Iddi wazazi wanasema kuna watoto, wana nguo mpya, tuchukue gari wasichafuke. Halafu kila mzazi wa kisiwa kasema hivo hivo, jioni viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo gari haisogei na watoto wamelowa jasho ndani ya nguo mpya na mabomba ya plastiki wanayapuliza masikioni mwako. Sikukuu mie nasema gari ndio, lakini usiingie nayo mjini. Hii ndo njia ya tatu ambayo watu hawaizingatii na mie naipenda kuliko zote mbili: njoo na gari mpaka Kwerekwe au Amani au kwa shangazi yako yeyote mwenye uwanja, iwache hapo, salimia watu maana ukiiwacha bila kusalimia itazungumzwa mwaka mzima, panda daladala ya mjini mshuke Darajani au Michenzani. Jioni mnarudi kuchukua gari, mnapakia mizigo, mnakwenda zenu shamba saa yoyote mnayotaka. Umeikwepa paking, umeikwepa ile gari ya mwisho. Kinachokugharimu ni nauli ndogo ya mjini na chai ya shangazi, na ukimchukulia samaki wa shamba mkono mmoja atakuombea uje tena wiki ijayo.

Ramadhani hesabu inabadilika tena. Mchana mjini kumetulia, paking ipo, lakini kuanzia saa 10 na nusu kila mtu anakimbilia futari na madereva hawana subira, kwahiyo ukitoka mjini toka saa 9 au futuru huko huko. Kumi la mwisho Darajani watu wananunua nguo mpaka usiku mwingi, na hapo daladala za masafa ndo hazikufai kabisa kwa kurudi, labda nyinyi wenyewe mtaani mchange mkodi moja iwasubiri, watu wengi wanafanya hivo na inatoka rahisi.

Vespa nimeiwacha makusudi mpaka hapa, maana wenyewe wataniandama. Kwa mtu mmoja au wawili bila mzigo, mjini hakuna kitu kinaishinda, inapita vichochoro, inaegeshwa ubavuni mwa baraza, mafuta inanusa tu. Kutoka Fuoni, Bububu, Tunguu, sawa kabisa. Kutoka Nungwi au Makunduchi kilomita 60 kwa vespa na mke nyuma, wakati wa masika, sijui nikwambie nini, mvua ya hapa haitoi taarifa na helmeti haizuii maji kuingia shingoni. Kiangazi mchana nenda. Usiku hapana.

Kama umeshaamua daladala, basi asubuhi usishuke tu ukaenda zako. Muulize utingo leo gari ya mwisho inatoka saa ngapi na inapandia wapi, usikubali jibu la "zipo tu", halafu muombe namba yake ya simu. Watingo wa gari za shamba wengi ni vijana wa huko huko kwenu, ukimpigia saa 11 jioni ukamwambia niko Darajani nakuja nna mizigo miwili, anakushikia kiti, na mara nyengine anamsimamisha dereva dakika tano mpaka ufike.